Msimamizi Hayupo
Akaunti yenye mipaka, yaani ile inayomruhusu mtumiaji kufungua programu bila kugusa mipangilio ya mtandao, inapokwama hutibiwa katika vibanda vya intaneti vya Bugembe, pembezoni mwa Jinja, kwa kuchomoa waya na kuuchomeka tena, ilhali dawa yake ni nywila ya msimamizi wa kompyuta, ambaye kwa desturi hayupo. Januari 2021 desturi hiyo ya kuchomoa waya ilipandishwa cheo ikawa sera: Uganda nzima ilikatiwa intaneti kuanzia tarehe 13, mkesha wa uchaguzi, hadi tarehe 18, na iliporudishwa Facebook ilibaki imefungwa, isifikike ila kwa VPN, programu inayoficha njia ya mawasiliano, ambayo kwa kawaida haikubali kusakinishwa kwenye akaunti yenye mipaka, kwa ajili ya nidhamu, msimamizi asiporidhia.