Gitaa kavu mtaani Glasgow

Wana kijiwe wenzangu wa Msamvu,

Mlichosikia ni kweli. Yule aliyekuwa akiwabishia hadi usiku wa manane kuhusu magitaa ya Morogoro Jazz, na hajawahi kushika hata manyanga, siku hizi anapanda jukwaani na gitaa kavu. Chekeni kwanza, kisha tuendelee.

Huku Glasgow kuna baa ambazo siku moja ya wiki jukwaa ni la yeyote. Unaandika jina daftarini, unaitwa, unapiga nyimbo mbili, unashuka. Hakuna anayekuuliza umetoka bendi gani. Mimi nimeng'ang'ania mtindo wa Mwenda Jean Bosco, yule wa Katanga aliyerekodiwa wimbo wa "Masanga" na Hugh Tracey mwaka 1952. Dole gumba linatembea kwenye besi, kidole cha shahada kinaimba juu, vingine vinatazama. Ukimsikiliza Bosco utaapa wako watu wawili. Kwangu pia wako wawili, ila hawasemezani. Bosco huyo aliwahi kutangaza vidonge vya Aspro kule Nairobi; jirani yangu wa ghorofa ya chini amenifanya nielewe kwa nini muziki na dawa ya kichwa vikae pamoja.

Kinachonichanganya ni wasikilizaji. Wametulia kama wako msibani. Hainuki shangazi na kitenge chake kuja kunibandika noti kwenye paji la uso. Ukimaliza wanapiga makofi wote, umepatia, umeboronga. Juzi mzee mmoja alinishika mkono, macho yamemlowa, akasema ubeti wa pili umemgusa sana. Ubeti wenyewe ulikuwa bado haujapata maneno, nilikuwa nataja vituo vya daladala kutoka Kihonda hadi Bigwa.

Jumamosi nashuka mtaa wa Buchanan, kwenye wapiga muziki wa barabarani. Navaa glavu zilizokatwa ncha, maana nyuzi za chuma na baridi ya huku vikikutana, vidole vinakoma kuwa vyako. Kutunzwa kwenyewe, mtu anagusisha kadi kwenye kimashine, kinalia "tii", huyoo kaenda zake.

Mama akiuliza kama hili ndilo nililolifuata Ulaya, mwambieni ghalani bado naingia zamu ya asubuhi. Na anayetaka kutajwa kwenye wimbo atume jina. Utaratibu ni uleule wa bendi za nyumbani: aliyelipa namwita Mheshimiwa, wa mkopo namtaja wakati watu wanapiga makofi.