Barua ya Wazi kwa Ofisi ya Ratiba, Televisheni ya Fox, Marekani

YAH: KUTELEKEZWA KWA ASKARI WA KIKOSI CHA 58

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza, hongereni. Vituo vingine hurusha tamthilia ya vita vikaishia hapo. Ninyi, tangu mlipoanza kurusha Space: Above and Beyond tarehe 24 Septemba 1995, mliingia vitani wenyewe, tena dhidi ya jeshi lenu.

Glen Morgan na James Wong, mliowajua vizuri kwa kazi yao kwenye The X-Files, waliwakabidhi mwaka 2063 na vijana watano wa Kikosi cha 58, Marine wa Marekani (West, Hawkes, Wang, na akina dada wawili, Vansen na Damphousse), wanaotoka kwenye meli ya Saratoga kwenda kupambana na viumbe waitwao Chig. Mkawapanga Jumapili saa 1 usiku, muda ambao mpira wa Kimarekani wa alasiri huwa bado unasukumana. Na mpira huo mlikuwa mmeulipia dola bilioni 1.58 kwa miaka 4, mkiwapokonya CBS, kwa hiyo isingekuwa busara kumharakisha refa kwa sababu tu binadamu wanateketea angani. Mwenye kutegesha mkanda wa video urekodi vita aliambulia wanaume wenye kofia ngumu wakiangukiana, na mkanda ukaisha adui ndiyo kwanza anajitokeza. Chig, pamoja na ujuzi wao wote, hawakuwahi kubuni silaha kama muda wa nyongeza.

Naelewa pia kwa nini Cooper Hawkes aliwakera. Huyu ni In Vitro: alikuzwa ndani ya tangi, akatolewa akiwa na mwili wa kijana wa miaka 18, hana mama, hana utoto, na kitovu kiko kisogoni. Hakuna wa kumuuliza kilizikwa wapi. Raia wanamwita tangi, na kamanda wake, Luteni Kanali McQueen, ambaye naye ametoka tangini, anajua uzito wa jina hilo bila kuelezwa. Halafu waandishi wakaandika kipindi cha “Who Monitors the Birds?”, Hawkes yuko peke yake katika ardhi ya adui, na karibu saa nzima hakuna mazungumzo. Anajificha, anasikiliza, anakumbuka alivyofunzwa kuua kabla hajafunzwa kitu kingine chochote. Saa nzima mtazamaji analazimishwa kutazama! Utovu wa nidhamu ulioje. Mngewaacha hivyo, kesho wangedai na msimu wa pili.

Nina swali dogo kuhusu Silicate. Kwenye tamthilia hii ni mashine zenye sura ya watu, zilizoasi baada ya kuingizwa kirusi chenye amri moja tu: bahatisha. Tangu hapo kila uamuzi wao ni kamari. Je, ofisini kwenu wako wangapi? Nauliza kwa sababu mwaka 2002 mliipokea tamthilia nyingine, Firefly, mkairusha Ijumaa usiku, mkachanganya mpangilio wa vipindi, na kile cha kwanza, kinachotambulisha wahusika, mkakionyesha Desemba, wahusika wenyewe wakiwa wameshaagwa. Binadamu wa kawaida, aliyelala vizuri, hawezi kufika hapo kwa kufikiri.

Sasa hoja yenyewe. Juni 1996 mlifunga pazia baada ya msimu mmoja. Wakati huo McQueen alikuwa amekatika mguu katika mazungumzo ya amani yaliyolipuka. Wang alikuwa amebaki nyuma akifyatua mizinga ili wenzake wapone. Vansen na Damphousse walikuwa ndani ya kipande cha chombo kinachodondokea sayari ya adui. West alikuwa amempata tena mchumba wake, na amewapoteza karibu wenzake wote siku hiyo hiyo. Hapo ndipo mlipozima taa. Jeshi lolote lina utaratibu wa kutafuta waliopotea. Lenu lilitafuta kipindi kingine cha kuziba pengo.

Kwa barua hii naomba kitumwe chombo kimoja cha uokoaji, hata kilichotumika, kiwachukue akina dada wale wawili. Kama bajeti ni finyu, mafuta yakatwe kwenye fungu la mpira. Siku yoyote inafaa isipokuwa Jumapili.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtazamaji

Nakala: Kamanda Mkuu wa Chig (kwa taarifa, na pongezi za ushindi asioupigania)