Dirisha Lisiloenea na Sifa Zake

Dirisha likiingia mahali pake bila taabu, nani hulizungumzia? Fundi hukaza skrubu, hupokea chake, huondoka. Lakini dirisha la alminiamu likishushwa kwenye kirikuu, likanyanyuliwa na kugoma, majirani hutoka na viti.

Asili ya kiumbe huyu mtukufu ni ndoa ya vipimo viwili. Mwashi huacha nafasi ya futi 5. Fundi alminiamu hukata sentimita 150, maana kwake futi ni sentimita 30. Futi kamili ni sentimita 30.48, hivyo futi 5 ni 152.4. Hizo 2.4 zinazobaki hupitisha kidole gumba, na mbu wasio na idadi, ambao nao wanatafuta pa kulala.

Sifa yake kubwa, hata hivyo, ni uaminifu. Fremu ya zamani ya chuma yenye luva ikishang'olewa kwa tindo, plasta humwagika pamoja na siri za ukuta: juu sentimita 151, katikati 150, chini 148 na nusu. Miaka yote hiyo familia imetundika pazia mbele ya tundu lililopinda, na mwashi amezeeka na heshima zake. Sasa linakuja dirisha lenye pembe nne za mraba, linalegea huku na kubana kule, na kila mtu anaona. Mkaguzi huyu hapokei hata soda.

Fundi makini hupima upana mara tatu na kimo mara tatu, hushika kipimo kidogo kabisa, kisha hupunguza kidogo. Hupima pia kona kwa kona. Mishazari miwili ikitofautiana, tundu limekwenda upande. Fundi wetu hupima mara moja, katikati, juu ya pazia, simu ikiwa begani.

Lililozidi lina ubabe. Hudai ukuta uchongwe mpaka karibu na linta. Lililopungua lina adabu. Hukubali sementi, vipande vya mbao, sponji la godoro kuukuu na silikoni tyubu baada ya tyubu. Hata sayansi inalitetea: alminiamu ya mita 1.5 hurefuka kama milimita 1 joto likipanda kwa nyuzi 30, hivyo mwanya kidogo ni lazima. Wa kidole gumba, basi, ni tahadhari iliyopitiliza.

Mwenye nyumba akilikataa katakata, halifi. Hurudi karakana likaegemezwa ukutani, vipimo vimeandikwa kwa maka kwenye kioo: 147 kwa 118. Siku moja atapita mtu anayejenga Chanika, atapunguziwa bei, atafurahi, kisha atampigia mwashi wake simu amwambie aache nafasi ya vipimo hivyohivyo. Mwashi ataitikia vizuri tu, na kuandika kwenye tofali: futi 5 kwa 4.