Ngeli za Wauza Miaka

Wachumi wana desturi ya kutomwamini mtu anaposema kwamba anakithamini kitu. Humwuliza: uko tayari kupoteza nini ili ukipate? John von Neumann na Oskar Morgenstern waliijengea desturi hiyo hesabu zake katika kitabu chao cha mwaka 1944 juu ya nadharia ya michezo, na baadaye wapimaji wa afya wakaiazima. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, ule unaobana njia za hewa polepole kwa tumbaku, vumbi au moshi wa jikoni na usiorudi nyuma, akawekewa mezani kidonge cha kubuni. Ukikimeza, ama kifua kinafunguka papo hapo, ama unakufa papo hapo. Utakubali hatari kiasi gani? Mwaka 1972 George Torrance na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Hamilton, Kanada, walileta biashara ya utulivu zaidi. Tuseme umebakiwa na miaka kumi ya kuishi na kifua hicho. Ungeachia mingapi ili iliyosalia uiishi ukiwa mzima? Ukiachia minne, hali yako ina thamani ya 0.6. Usipoachia hata mmoja, ni 1. Marehemu ni 0.

Upande wa hesabu, fani hii imeiva. Upande wa wauzaji wenyewe bado ni pori. Makala hii inapendekeza ngeli chache za kuanzia, kwa unyenyekevu wote unaomstahili mtu ambaye hakuombwa kufanya hivyo.

Ngeli ya kwanza ni ya Wagumu, wasiouza hata siku. Wapimaji wanawajua vizuri, maana huwavurugia wastani. Ndani yake mna matabaka. Yupo mwenye mjukuu wa darasa la sita, ambaye hawezi kuondoka kabla ya matokeo ya la saba. Yupo mwenye kesi ya shamba, ambaye akifa leo, kesho mdogo wake atasogeza mpaka. Na yupo anayehisi kwamba huyu kijana anayemhoji akiwa na kishikwambi ametumwa. Wote watatu wanapata 1, yaani afya kamili, hata yule ambaye kijana alilazimika kumsubiri amalize kukohoa ndipo amwandike.

Ngeli ya pili, Wakabidhi, hulirudisha swali kwa Mwenyewe. "Mwanangu, umri si wangu. Nitauzaje kisicho changu?" Hawa huandikwa kwamba hawakujibu. Uamuzi huo naupinga. Kisheria hakuna jibu safi kuliko la mtu anayekataa kuuza mali asiyo na hati yake.

Ngeli ya tatu ni ya Wabishi wa Bei. Biashara ya Torrance hukata miaka kutoka mkiani: unakufa mapema, basi. Mtu wa Njombe mwenye kifua kibovu ataona kasoro hiyo mara moja, kwa sababu kwake miezi haifanani. Juni na Julai, baridi inapoingia mifupani, halali ila ameegemea mito mitatu. "Chukua Juni na Julai zote za miaka kumi," atasema, "Desemba zangu niachie." Hesabu yake haina dosari: miezi ishirini, haijafika hata miaka miwili. Kwa bahati mbaya dodoso halina kisanduku cha Juni, na kijana atamwomba akate mwishoni kama wenzake. Naiona hii kuwa ngeli yenye akili kuliko zote, na ndiyo inayoandikwa vibaya kuliko zote.

Ngeli ya nne, Wakarimu wa Mali ya Wenzao, ndiyo yenye nguvu, kwa kuwa bei yao ndiyo inayotumika. Nchini Uingereza mwaka 1993, watafiti wa Chuo Kikuu cha York waliwahoji watu wa kawaida 3,000 na ushei, wakawaomba wayatie bei maisha ambayo wengi wao hawakuwa wakiyaishi. Maisha hayo yalielezwa kwa dodoso la EQ-5D, kazi ya kikundi cha EuroQol kilichoundwa mwaka 1987, lenye mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au sononi. Kila jambo lilikuwa na ngazi tatu, hivyo zikapatikana hali 243, na iliyo mbaya kuliko zote ikapewa -0.594. Hiyo ni chini ya kaburi. Kwa kawaida wanaoishi na maradhi huyapa maisha yao bei ya juu kuliko wanaoyatazama kutoka barazani. Hata hivyo NICE, taasisi inayoshauri ni dawa ipi ilipiwe na huduma ya afya ya England, hupendelea bei za watu wa barazani, na kwa miaka mingi ilizungushia mwaka mmoja wa afya kamili uzio wa pauni 20,000 hadi 30,000. Sababu yao si mbaya: mlipa kodi ndiye mnunuzi. Lakini msomaji airudie ile orodha ya mambo matano, atafute pumzi. Haimo.

Zipo hojaji za wenye kifua, na hizo hazikosi pumzi. Ile ya St George's ya London, iliyotengenezwa na Paul Jones na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1990, ina vipengele 50 na alama kutoka 0 hadi 100, na tofauti ya alama nne huhesabiwa kuwa mgonjwa mwenyewe ameihisi. Katika toleo lake la asili inauliza pia kama kifua kinakuzuia kucheza gofu, kucheza tenisi na kuzoa theluji kwa koleo. Bibi wa Newala aliyepikia kuni miaka hamsini hana lalamiko lolote juu ya theluji. Mwulize badala yake nani anapuliza moto siku hizi. Moshi uliomharibia mapafu ndio uliokuwa ukimpa mtihani kila alfajiri, na siku alipomwita mjukuu aje apulize, ugonjwa ulipanda daraja bila namba yoyote kubadilika.

Daktari Charles Fletcher, aliyewachunguza wachimba makaa wa Wales, aliamua kutazama miguu. Kipimo kilichotokana na kazi yake kina madaraja kutoka 0 hadi 4. La pili ni la mtu anayeachwa nyuma na watu wa rika lake kwenye tambarare; la tatu ni la anayesimama kuvuta pumzi baada ya mita 100 hivi. (Kwa Lushoto, tambarare itafutwe kwanza.) Kusimama ndiko kwenye utajiri wote, na ndipo fani ilipoishia, kwani haikuuliza mtu akisimama hufanya nini.

Mtu mzima hasimami tu njiani akitweta mbele ya watu. Hutafuta sababu. Wanaoanza huinama kufunga kiatu, na hilo ni kosa, maana kuinama hubana kifua zaidi. Baadaye huhamia kwenye simu, wakaikodolea macho kana kwamba kuna ujumbe. Wengine husoma mabango ya uchaguzi uliokwisha pita. Mabingwa husalimia. Salamu ya Kiswahili ni kiti kilichowekwa katikati ya njia, na ufundi wake ni kuuliza, si kuulizwa. Unatoa "Habari za nyumbani?" kwa pumzi moja, kisha mwenzako anapitia watoto, mvua, ada ya shule na mgonjwa aliyeko Muheza, nawe umeegemea ukuta unaitikia kwa kichwa. Mzee ana nafuu zaidi: akiamkiwa shikamoo, anadaiwa neno moja tu.

Napendekeza basi kipimo kiitwacho salamu, ambacho ni muda kutoka "za nyumbani" hadi "haya, tutaonana". Mgonjwa wa daraja la pili hufika sokoni kwa salamu moja. Wa daraja la tatu huhitaji tatu, na huanza kuchagua saa ambayo njia ina watu. Akifikia tano, hutuma mtoto. Kasoro ya kipimo hiki ni kwamba mtaa mzima utasema mzee amekuwa mcheshi siku hizi, na dodoso lolote litakalouliza juu ya majirani litampa alama nzuri kuliko alizopata akiwa mzima.

Inabaki ngeli ya tano, ambayo sijaipatia jina. Watu wake hawakatai biashara wala hawaibishii bei. Husikiliza mpaka mwisho, huhesabu kwa vidole, hukubali kwamba miaka minne ni haki, kisha kalamu ikiwa imeshagusa karatasi huuliza: "Na hiyo minne anapewa nani? Maana kama ni mke wangu, andika sita."