Nguvu za Pikapu na Kanga ya Mama Mkwe

Mlima wa kutoka Mwatate kwenda Wundanyi hauna huruma na gari zee. Ukishaupita uwanda wa mkonge, barabara inajikunja kona baada ya kona, na mtu aliyetoka Voi, mji ulio kama mita 600 juu ya usawa wa bahari, akifika Wundanyi amepanda zaidi ya mita 800. Sisi kwetu ni juu zaidi, upande wa Werugha, na riziki yetu inapita njia hiyo. Alfajiri pikapu inashuka Voi na kabichi na sukumawiki za wakulima wa mtaani. Mchana inarudi na saruji, mabati, unga na chumvi ya ng'ombe. Kushuka ni breki tu. Kurudi ndiko kunakotaka injini.

Pikapu yenyewe ni Hilux ya zamani, dizeli, injini ya 3L: silinda nne, sentimita za ujazo 2,779, haina turbo. Ilituoa mimi na mume wangu, maana mahari ilisafiri ndani yake, na imebeba wagonjwa na maharusi wa kijiji kizima. Ilipoanza kuishiwa pumzi mlimani, ilikuwa msiba wa nyumba.

Ilikuwa inatoka Mwatate vizuri. Ikikaribia kona za juu, sauti inafifia. Mume wangu anarudisha gia ya pili, anarudisha ya kwanza, kisha inazima. Utingo, ambaye ni mpwa wetu, anaruka na jiwe la kuzuia tairi. Wakikaa kando dakika chache inawaka, inapanda kwa nguvu zake zote hadi kona ya mbele, halafu inazima tena. Siku moja mvua iliwakuta hapo na saruji ya shule ya jirani. Saruji ikaganda ndani ya mifuko, tukailipa.

Kikao cha familia kikaitishwa Jumapili, baada ya kanisa, kwenye sinia la kimanga. Shemeji alipanda kutoka Mombasa. Anayapenda magari tangu utoto, na alikuja na jibu tayari.

"Shemeji, hiyo injini inataka turbo. Kuna moja nimeiona Mombasa, imetoka kwenye gari lililogongwa. Tunaifunga, pikapu inapanda kama basi."

Mama mkwe alikuwa na lake. Kwake yeye gari liliishia kwa Peugeot 504, zile pikapu zilizounganishwa hapa hapa Kenya, ambazo wazee wa Taita walizipakia hadi springi zikanyooka. "Haya ya siku hizi yana jina tu," akasema. Mume wangu alitaka injini nyingine kabisa, ile iliyotumika Japani ikaletwa kwa meli.

Mfuko ulikuwa kwangu. Ndani yake mlikuwa na shilingi elfu arobaini, gawio letu la chama, na karo ilikuwa inazitazama fedha hizo hizo. Injini ya Japani peke yake ilikuwa inapita laki moja, bado kuifunga, bado kwenda NTSA, mamlaka ya usafiri, kubadilisha namba ya injini kwenye kitabu cha gari, maana gari lenye injini isiyoandikwa kitabuni linakuletea kesi siku ya kuliuza au siku polisi wakiliangalia kwa makini. Hilo likafa hapo hapo mezani.

Turbo haikufa upesi. Niliuliza madereva na mafundi, na ninachokisema hapa nakisema kwa mwenye gari kama letu anayeshawishiwa. Injini ya 3L inaibana hewa mara 22 hivi ndani ya silinda. Ndivyo dizeli inavyowaka bila cheche. Ukisukumia hewa zaidi kwa turbo na mafuta zaidi kwa pampu, joto na shinikizo vinapanda pamoja, na silinda hedi haikuundwa kubeba mzigo huo. Hata Toyota wenyewe walipotoa injini ya 2L-TE yenye turbo, ndugu yake huyu, ilijulikana dunia nzima kwa hedi kupasuka. Hedi ikipasuka mlimani, maji yanaingia kwenye silinda, na elfu arobaini haitoshi hata kuanza mazungumzo. Nilimwambia shemeji kwa heshima kwamba fedha ya karo haiendi kwenye jaribio.

Wakati huohuo nyumba ilikuwa na kesi nyingine. Doti ya kanga ya Mama, ya buluu yenye pindo la korosho, ilikuwa imebaki kipande kimoja. Cha pili kilipotea kambani. Mama akamshuku jirani wa ng'ambo ya mfereji, akayasema maneno yake mahali ambapo yangefika. Wanawake wawili waliopokezana zamu ya maji ya mfereji miaka mingi wakaacha kusalimiana. Zamu ikawa ya kutumiana watoto.

Katika hali hiyo mume wangu akampata fundi mmoja aliyeahidi kuongeza nguvu kwa shilingi elfu tatu, kazi ya nusu saa, nyumbani. Akafungua boneti, akaikata lakiri ya parafujo ya mafuta nyuma ya pampu, akaizungusha ndani, akakanyaga moto. Ekzosi ilikuwa imeelekea kambani. Moshi ulitoka mweusi tititi, mzito, ukatambaa uani ukajilaza juu ya mashati meupe ya shule, shuka za Mama na soksi zote za nyumba. Kijana wetu mdogo alikimbilia mashati akayashika kwa mikono iliyokuwa imekwishapata masizi. Mama alitoka jikoni, akasimama, hakusema neno. Kwa wanaomjua, hilo ni zito kuliko kelele.

Moshi mweusi ni dizeli isiyopata hewa ya kuunguzia. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kwa pumzi yake tu, na huku milimani hewa yenyewe ni nyepesi: kati ya Voi na Wundanyi unapoteza kama asilimia 8. Kuiongezea mafuta injini ya namna hiyo ni kuongeza joto na gharama. Kesho yake ilipanda mlima ikachemsha radieta, ikazima kwenye kona ile ile.

Aliyetutoa gizani ni binti yetu wa kidato cha tatu. Alikuwa anafanya kazi ya fizikia, nasi tukibishana juu ya kichwa chake.

"Mama, gari na mzigo ni kilo ngapi?"

Baba yake akamwambia: gari na watu kama tani moja na nusu, mifuko 20 ya saruji tani moja. Akauliza mwinuko, akaambiwa sehemu mbaya achukulie mita moja kwa kila mita kumi. Akauliza mwendo, tukasema kilomita 30 kwa saa zinatutosha. Akaandika kwenye jalada la nyuma la daftari. Kila sekunde gari linakwenda mita 8.3, kwa hiyo linajiinua sentimita 83. Uzito wake ni nyutoni 25,000. Akazidisha, akapata karibu wati 21,000. Akagawa kwa 746, akapata nguvu za farasi 28.

"Tuongeze za msuguano wa tairi, hazifiki 35," akasema. "Injini yetu inatoa ngapi?"

"Ikiwa mpya, kama 90," akajibu baba yake, polepole.

Nyumba ikanyamaza. Mlima ulikuwa unadai hata nusu isitimie ya kile ambacho injini ilizaliwa nacho. Swali likageuka papo hapo: hizo nyingine zinapotelea wapi?

Tukashuka Voi kwa mzee mmoja anayetengenezea magari chini ya mwarobaini, nyuma ya soko. Nilikwenda mwenyewe na mfuko wangu. Hakugusa boneti. Aliuliza jambo moja.

"Ikizima, mkipumzika kidogo inawaka?"

"Inawaka, Mzee, na inapanda."

"Basi injini haijachoka. Injini iliyochoka haiponi kwa kupumzika. Hii inanyimwa chakula."

Akaizunguka pikapu akisogeza kiganja karibu na kila rimu, kama anayepima homa ya mtoto. Gurudumu la nyuma kushoto akaondoa mkono haraka. Akapandisha jeki, akalisukuma tairi kwa mikono miwili, likagoma. Breki zilikuwa zimeshika. Miezi yote hiyo gari lilipanda mlima huku likijifunga lenyewe. Akafungua chujio la hewa na kuligonga kwenye shina la mti. Vumbi jekundu la Tsavo likamwagika hadi likafunika vidole vya ndala zake. Akaliinua juani akaniita nitazame upande wa pili: mwanga haukupita.

Kisha akalala chini ya tenki. Dizeli ikamiminwa kwenye karai kupitia kitambaa, nasi tukiwaza yale ya dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa, maana uchakachuaji ulikuwa tatizo kubwa hata serikali ikayawekea mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Dizeli ilikuwa safi. Mzee akalishusha tenki, akaingiza waya uliopindwa ncha, akapapasa, akavuta taratibu. Kikatoka kitu kirefu chenye utelezi. Akakikamua, akakitandaza juu ya tairi. Kilikuwa buluu, na pembeni kina korosho.

Mpwa wetu aliinama akajikuna kisigino. Kifuniko cha tenki kiliibwa sokoni siku nyingi zilizopita. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hiyo hakupata cha kufungia mdomo wa tenki. Alfajiri, gizani, akachukua kitambaa cha kwanza alichokishika kambani, akakichana, akakishindilia. Walipojaza mafuta kwa mpira, kikateremka ndani. Akanunua kifuniko, akanyamaza.

Ugonjwa wote ukaelezeka. Mlimani injini ikivuta mafuta kwa nguvu, kitambaa kinafuata na kuziba mdomo wa bomba. Injini ikizima, kinaelea pembeni. Ikiwaka, kinarudi.

Mzee akafungua breki akazisafisha, akaweka chujio jipya la hewa na la dizeli, akarekebisha tapeti, akairudisha parafujo ya pampu kwenye alama yake. Nozo alizipeleka Mombasa zikapimwe kwa mashine. Mbili zilikuwa zinatema matone badala ya kunyunyiza, zikabadilishwa ncha. Alimshauri mume wangu aziondoe zile tairi kubwa alizopewa na shemeji, kwa kuwa tairi ikizidi kimo kwa sehemu moja ya kumi, nguvu ya kuvuta inapungua karibu kiasi hicho hicho. Na mkanda wa taimingi, ambao mwongozo wa injini hii unataka ubadilishwe kila kilomita 100,000, aliubadilisha bila kutubembeleza. Ukikatika, pistoni inakutana na valvu. Mfuko wangu ulirudi na chenji ya kununua mashati mawili ya shule.

Mifuko 20 ikapakiwa siku iliyofuata. Pikapu ilipita kona ile kwa gia ya pili, moshi ukiwa mwembamba. Ninawasihi wenzetu wa milimani: kabla ya kununua nguvu, chunguzeni zile mlizonazo zimekwama wapi, na muanze na breki, kwani mlima huo huo mtaushuka na mzigo wa watu.

Ilibaki kanga. Mama aliifua mara tatu na harufu ya dizeli haikutoka. Aliikunja, akashika kuku na bakuli la kimanga, akavuka mfereji. Jirani akapokea kuku, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Mimi nilitangazwa mwizi hadharani. Huko ndiko pa kuniombea radhi."

Siku ya zamu, wanawake wote wakiwa na majembe mferejini, Mama alisimama akaionyesha kanga iliyochanika, akaeleza ilikokuwa, akataja alichosema na akakikana. Jirani akamfungulia maji. Kisha akamgeukia mume wangu akauliza nauli ya mikungu minne ya ndizi hadi Voi.

"Ni bure, Mama," mume wangu akasema.

"Si bure," akasema mama mkwe, akafungua fundo la kanga aliyojifunga, akahesabu nauli yote kwa fedha za mayai yake.