Ubao wa Jirani Yangu

Miongoni mwa fani za uandishi zilizonyimwa heshima yake ni utungaji wa maneno ya ubao wa duka, fani ambayo msomaji wake haketi kitini wala havai miwani, bali hupita Kira Road juu ya bodaboda, amekumbatia mkungu wa matoke, na nusu ya akili yake imo katika dua. Msomaji wa namna hiyo hapewi zaidi ya maneno matatu. Lakini wenye maduka wa Kamwokya, ambao kuta zao aghalabu zimekwisha kupakwa manjano au nyekundu na kampuni za simu, wakaachiwa nafasi ya kiganja tu juu ya mlango, hutaka kiganja hicho kibebe sukari, sabuni, mkaa, vocha, sifa za Mola na jina la kifungua mimba.

Jirani yangu mmoja alikuwa na haja nyingine. Wadeni walikuwa wamemlemea, naye alitaka ubao wa kuwakomesha, tena kwa Kiswahili. Maana Kiluganda, alisema, wangekijibu kwa utani, na Kiingereza wangekijadili, ilhali Kiswahili, kilichosikika Kampala miaka mingi katika vinywa vya wanajeshi na polisi, kingewatia hofu hata kabla hawajakielewa. Nikamweleza kwa taadhima kwamba lugha hiyo ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, na kwamba baraza la mawaziri lililitilia nguvu jambo hilo Julai 2022.

"Mwalimu," akasema, "hicho cha Katiba waachie wabunge. Mimi niandikie cha kambini."

Nikamtungia: HATUUZI KWA MKOPO. Mchoraji akayaandika kwa rangi nyekundu, herufi nene zenye adhama, na wadeni wakaanza kupita upande wa pili wa njia.

Raha hiyo haikudumu. Muuza rolex, hiyo chapati iliyoviringishiwa mayai, alihamishia meza yake pale kibarazani na kufungua mwavuli mpana, nao ukazifunika barabara herufi nne za mwanzo, hata mpita njia akawa anasoma: UZI KWA MKOPO. Kwa kuwa Waganda nao huuita uzi kwa jina lisilo mbali na hilo, mafundi cherehani wa sokoni hawakuhitaji mkalimani. Walikuja na vipande vya gomesi mkononi, wakitaka uzi wa rangi ile ile, na jirani yangu alipoapa kwamba hajapata kuuza hata sindano, walimwonyesha ubao wake mwenyewe.

Muuza rolex aliombwa asogee, akakataa katakata, kwa hoja ambayo sikuweza kuipinga: mafundi wanaogombana hushikwa na njaa.

Hatimaye jirani yangu alinunua shehena ya uzi. Fundi atakayepita Kamwokya akiwa ameishiwa na uzi wa zambarau ataupata hapo chini ya mwavuli, ila aende na taslimu.