Wizi wa Sekunde 11

Katika video moja ya dakika 20 niliiba magari 9, nikaangusha nguzo za taa zisizo na idadi, nikamtumbukiza askari baharini pamoja na pikipiki yake, nikaondoka zangu napiga mluzi. Hakuna aliyelalamika. Kesho yake asubuhi nikapokea ujumbe: nimeshtakiwa kwa sekunde 11 za wimbo.

Magari yenyewe yalikuwa ya kwenye gemu. Ni San Andreas, ile iliyotoka mwaka 2004, ambayo rika langu tuliicheza kwenye vibanda vya mtaani huku tukimdanganya mama kwamba chenji imedondoka njiani. Siku hizi nina kompyuta ya mtumba na chaneli yenye wafuasi 312. Wengi wao ni ndugu niliowachukulia simu siku ya arobaini ya bibi, nikawabonyezea mwenyewe.

Sasa, kwenye gemu hii kila ukiingia garini redio inawaka, na nyimbo zake ni za wasanii wa kweli, wengi wao wa huko Marekani. Mwenye gemu alilipia leseni ili zisikike ndani ya gemu. Hakulipia ili mimi nizirekodi nikiwa huku kwetu Tandika na kuzirusha duniani kote. Hata yeye leseni zake zina mwisho: mwaka 2014 toleo la kompyuta lilifanyiwa marekebisho na baadhi ya nyimbo zikang'olewa kwa kuwa muda wake ulikwisha. Ikiwa mwenye nyumba anaweza kutolewa vitu nje, mpangaji wa chumba cha uani ataanzia wapi kubisha?

Nilisoma ule ujumbe nikitokwa jasho. Kumbe mtandao ninaopakia video una mashine inayosikiliza. Wenye nyimbo wanaipelekea kazi zao, nayo inazichukua alama kama polisi anavyochukua alama za vidole, kisha kila video inayopakiwa inapitishwa hapo na kulinganishwa. Ikikunasa, unapata dai; mwenye wimbo mwenyewe akiomba video iondolewe, unapata straiki. Straiki ni jambo la kufa na kupona: ukipata 3 ndani ya siku 90, chaneli inafungwa. Dai, kama hilo nililopata mimi, lina ustaarabu wake. Mara nyingi video inabaki, ila hela ya matangazo inakwenda kwa mwenye wimbo.

Hela ipi? Chaneli ya video ndefu kama yangu haipati mgawo wa matangazo mpaka ifikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka mmoja. Mimi nilikuwa nimetazamwa saa 6, na moja kati ya hizo ni mimi mwenyewe nikijikagua. Ilikuwa kama kugombea mahari ya binti ambaye hajazaliwa.

Hata hivyo sikutaka kesi. Nikaingia kwenye mipangilio ya gemu, nikaishusha sauti ya redio hadi sifuri, nikarekodi upya, nikapakia kwa bando la usiku. Asubuhi, dai. Safari hii si la Marekani. Ni la Bongo Fleva. Nikakaa nikijiuliza Bongo Fleva imeingiaje Los Santos, mji wa kwenye gemu, mpaka ukuta wa chumba changu uliponijibu: dum, dum, dum. Sabufa ya saluni ya jirani.

Nikaenda na soda mkononi, kwa adabu zote. "Dada, nikiwa narekodi, naomba unipunguzie kidogo."

"Kaka yangu," akasema bila kuacha kusuka, "mimi nasuka kwa mdundo. Nikizima muziki, mistari inakwenda mshazari. Utamlipa wewe mteja?"

Soda aliipokea.

Nikahamia saa 9 usiku. Nilitangaza kwa kunong'ona kama mtu anayeficha deni, na ili video isipooze nikatafuta muziki wa bure mtandaoni. Uliandikwa bure kabisa, tumia utakavyo. Dai! Kuna bwana huko aliko aliuchukua muziki uleule wa bure, akaimba wimbo wake juu yake, akausajili. Mashine ilipousikia kwangu ikaamini mwizi ni mimi. Nikapinga. Sheria inampa mdai siku 30 za kujibu, nami nikazihesabu zote kama mwenye eda. Hakujibu, dai likafutwa. Kufikia hapo video ilikuwa na watazamaji 19.

Nilijifariji kwa habari ya mwanamuziki mmoja wa Australia iliyovuma mwaka 2018. Yeye alipakia saa 10 za mvumo mtupu, ule wa televisheni isiyoshika stesheni, akaletewa madai 5. Watu walimdai mvumo! Nikaona mimi bado nina bahati.

Hatimaye ikafika Jumapili moja mchana. Saluni imefungwa, redio ya gemu iko sifuri, muziki wa bure nimeapa kutougusa. Nikarekodi, nikapakia, nikasubiri ukaguzi roho mkononi. Jibu likaja: hakuna tatizo lililopatikana. Nikaruka mpaka neti ikadondoka.

Mjomba alikuwa amekuja kutoka Morogoro, amekaa mkekani anakunywa chai. Nikampa simu aone kazi ya mpwa wake. Alitazama wizi wa magari kwa huzuni ya mtu mzima, kisha akafumba macho, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Rudisha nyuma."

"Hapo mjomba ndipo nilipowakimbia polisi, nikapita kwenye..."

"Nyamaza. Sikiliza huko nyuma."

Nikasikiliza. Chini ya sauti yangu na mngurumo wa gari, redio ya mzee mwenye nyumba pale barazani ilikuwa ikipiga dansi la zamani. Trampeti zikapokezana, zikanyamaza, likapanda gitaa la solo.

"Hilo gitaa," akasema mjomba, "ni langu."

Waliurekodi wimbo ule ujanani mwake, kwenye studio ya redio, mchana mmoja. Walipewa nauli na chai. Tangu hapo umepigwa kwenye harusi, kwenye mabasi, kwenye vipindi vya zilipendwa, na sasa kwenye video yangu ya wizi, dakika 4 nzima bila kukatwa. Mashine ikaupita kama upepo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuupeleka kuchukuliwa alama.

"Hii mashine yako," akaniuliza taratibu, "sekunde 11 za Mmarekani ilizisikia?"

"Ilizisikia, mjomba."

"Na dakika 4 zangu?"

"Imesema hakuna tatizo."

"Tatizo lipo. Limekaa hapa mkekani."

Akaweka kikombe chini, akawasilisha dai lake kwa mdomo: nyama choma nusu kilo, ndizi 2 za kuchoma, soda baridi, na nauli ya kurudi Morogoro. Nikamweleza kwamba kwa utaratibu wa mtandao kunakuwa na siku 30. Akaangalia saa ya ukutani, akaniambia mwenye jiko pale kona anafunga saa 2 usiku.

Nililipa. Naye, akilamba vidole, akapiga hesabu kimoyomoyo na kunitangazia kwamba hayo ndiyo malipo makubwa kuliko yote ambayo wimbo ule umewahi kumwingizia.